Usiitikie kwa kichwa: mwongozo wa mfanyakazi kiziwi

Simama mbele ya kioo useme "sita", halafu "tisa", bila kutoa sauti. Midomo haibadiliki. Ulimi unagonga pale pale, meno yanafunguka vile vile. Jaribu tena "mia", "pia" na "bia". Hata mama yako mzazi hawezi kukutofautishia kwa macho.

Somo hilo mimi nililipia kwa barua ya onyo. Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja Kisumu, mwaka wangu wa pili. Supavaiza akapita mlangoni amebeba rundo la mashuka, akanitajia saa ya kuingia kesho yake, nami nikaitikia kwa kichwa. Yeye alisema saa sita. Mimi niliona saa tisa. Kesho yake nilifika saa nane na nusu, shati limepigwa pasi, najisifu moyoni kwamba leo nimewahi. Barua waliyoniandikia ilikuwa na sentensi nne, na ya tatu ilisema: "Alielezwa na akakubali."

Sikuwa na la kujibu. Kichwa changu kilikubali kweli.

Niliacha kusikia nikiwa na miaka tisa, baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo kuongea naongea, na hilo ndilo linalowachanganya watu: anayeongea hivi atakosaje kusikia? Siku hizi niko Nakuru, karani wa stoo, na jioni viziwi wenzangu huniletea barua zao za kazini tuzisome pamoja. Ile sentensi ya tatu naikuta karibu kila mara, maneno tu ndiyo yamebadilika. Mimi si wakili. Ninachoandika hapa ni kile ambacho ningependa mtu angenikalisha chini anionyeshe kabla ya siku ile ya mashuka.

Hatua ya kwanza: kiganja mahali pa kichwa

Tunaitikia kwa sababu ya uchovu. Kusoma midomo kutwa nzima ni kazi juu ya kazi. Maneno machache unayaona, mengi unayakisia kutokana na uso, mahali na saa ilivyo. Tunaitikia pia kwa adabu, na kwa kuogopa kuonekana wazito. Mara ya tatu ukimwomba mtu arudie, uso wake unabadilika, anapunga mkono: "Wacha tu, si muhimu." Hakuna kiziwi aliyewahi kuajiriwa asiyeujua mkono huo.

Sasa fanya hivi. Inua kiganja, mazungumzo yasimame. Toa simu, andika ulichoelewa wewe, kisha mwonyeshe: "Kesho 12:00 mchana, sehemu ya pasi. Sawa?" Usimuulize "umesema nini", maana atarudia vile vile kwa mdomo, labda kwa kupaza sauti, na mtu anayepiga kelele midomo yake huharibika zaidi. Ukimwonyesha ulichoelewa, ana mawili tu: akubali au asahihishe. Anayeitikia kwa kichwa sasa ni yeye.

Saa iandike kwa tarakimu na uongeze asubuhi, mchana au usiku. "Saa 6" peke yake ni mtego kwa kila mtu, wanaosikia wakiwemo: mmoja anasoma saa sita ya Kiswahili, mwingine saa sita ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili.

Maandishi lakini hayamfai kila kiziwi. Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na mtu aliyekulia ndani yake, kuanzia bweni la shule ya viziwi ya Mumias au Nyang'oma hadi Ngala hapa Nakuru, Kiswahili na Kiingereza cha kuandika kwake ni lugha za ugenini. Wanaosikia hawalijui hili. Hudhani ukimpa kiziwi karatasi umemaliza. Kama wewe ni wa kundi hilo, tumia namba, picha, mchoro, kidole juu ya kalenda. Piga picha ratiba ya zamu kila inapobandikwa. Lakini jambo zito, yaani mkataba, onyo, jeraha au makato ya mshahara, usikubali limalizike bila mkalimani.

Hatua ya pili: kuomba kazi

Tangazo linasema "piga simu". Usimpe ndugu yako apige akijifanya wewe. Kakangu alipata kazi kwa sauti yake nzuri, nami nikaikosa kwa kufika. Yule mama wa ofisini alinitazama kama nimemwibia kitu, na kwa kweli sikumlaumu sana.

Tuma ujumbe kwa namba ile ile: "Habari. Naitwa fulani. Nimeona tangazo la kazi ya kupakia. Mimi ni kiziwi, naomba tuwasiliane kwa ujumbe au WhatsApp. Vyeti niko tayari kuvituma leo." Wengine hawatajibu. Hifadhi ujumbe hata hivyo.

Kama unatuma barua ya maombi na wasifu wa kawaida, je, uandike juu kabisa kwamba wewe ni kiziwi? Wenzangu tunabishana sana kuhusu hili. Mimi nasema subiri. Wakikuita kwenye usaili, hapo ndipo uandike: "Mimi ni kiziwi na natumia Lugha ya Ishara ya Kenya, naomba kuwe na mkalimani." Wakati huo wameshasoma vyeti vyako na wameshakutaka. Ukificha hadi mlangoni, siku hiyo itaharibika kwa wote, wewe ukiwa wa kwanza.

Ndani ya usaili swali litakuja: "Na simu ikilia?" Usikasirike, lijibu kama fundi. Sema kazi utaifanyaje: oda zije kwa ujumbe, mzigo uhesabiwe na kutiwa saini, taa iwekwe pale king'ora kilipo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu tangu wakati wa kuajiri hadi mafunzo, kupandishwa cheo, malipo na kuachishwa. Mwanya unaotuhusu sisi ni huu: sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kwenda bila hiyo. Kupokea simu za wateja kutwa nzima kunahitaji sikio. Kushona, kuoka mikate, kupanga maua kwenye ndoo, kuingiza hesabu kwenye kompyuta, hakuhitaji. Ukiona tangazo la kuhesabu magunia limeongezwa "awe hodari wa mawasiliano ya simu", jua kuna mlango umefungwa kwa kufuli ndogo.

Tuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Ijue, iweke mfukoni. Ukianza nayo kwenye usaili wataona kesi imeingia imevaa tai. Anza na kazi unayoijua.

Ukipata nafasi, dai karatasi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na usiyeielewa lugha ya mkataba huo una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Ikiwa lugha hiyo ni ya ishara, basi ni ya ishara. Mwajiri asiye na mkataba wa maandishi, mkifika mahakamani, ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wengi wanadhani kukosa karatasi kunamnyima mfanyakazi kila kitu.

Na kuna vibarua. Viziwi wengi ninaowajua ni vibarua wa kudumu, maneno mawili ambayo hayakupaswa kukaa nyumba moja. Miaka mitatu mtu analipwa kwa siku, wenzake walioingia naye wameshaandikwa, yeye anaambiwa "ngoja kidogo". Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kutegemewa kuisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, na haki ya notisi inamfuata. Kwa hiyo hifadhi kila ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya siku. Huo ndio ushahidi wa siku zako.

Hatua ya tatu: kadi na kodi

Hii ni fupi, ila usiiruke. Pata kipimo cha kusikia na tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha ujiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ukiwa na kadi, omba Mamlaka ya Mapato (KRA) cheti cha msamaha wa kodi ya mapato: shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa kila mwezi hazitozwi kodi. Mshahara wako ukizidi kidogo tu ile 24,000 ambapo kodi huanzia, tayari kuna pesa inakatwa ambayo ingebaki kwako. Msamaha hauji wenyewe, na cheti kikiwa na tarehe ya kuisha, iandike mahali utakapoiona. NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) zitaendelea kukatwa kama kwa mtu mwingine yeyote.

Hatua ya nne: wiki mbili za kwanza

Mambo mengi yanayoitwa "shida ya kufanya kazi na kiziwi" huzaliwa katika siku hizi kumi na nne, kwa sababu kila mtu anamwonea haya mwenzake. Wewe ndiye unayejua, basi anza.

Mwandikie supavaiza barua fupi, nakala kwa HR. Usiombe "msaada". Taja vitu. Mimi niliandika hivi nilipoingia Nakuru:

"Naomba: (1) maagizo kwenye grupu ya WhatsApp yaandikwe, ujumbe wa sauti sitaupata, (2) mkutano wa asubuhi, anayeongea asimame upande wenye mwanga, na mtu mmoja aniandikie mambo makuu, (3) mkutano wa mafunzo au wa nidhamu, mkalimani, (4) mtu wa kunigusa bega king'ora kikilia."

La kwanza ndilo lililonisumbua kuliko yote. Grupu ya kazi ni ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti, dakika mbili, dakika tatu, halafu mtu anaweka dole gumba na mambo yamepita. Nilimwandikia bosi: "Mkubwa, hizi kwangu ni picha za mawimbi tu." Akacheka, akaanza kuandika. Wiki iliyofuata akasahau. Nikamkumbusha, akaandika tena. Bado tuko hivyo. Kila nikimkumbusha nafanya hapo hapo kwenye grupu, kwa upole, ibaki kwenye rekodi.

Usalama usiuchukulie kama jambo la hisani. Foklifti ikirudi nyuma hupiga kengele ambayo wewe huisikii. Omba kioo kwenye kona, mstari wa rangi sakafuni, taa ya kumweka. Ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kuhakikisha mahali pa kazi ni salama kwa kila aliyemo. Na barakoa: mwenye barakoa akikuongelesha, onyesha mdomo wako kwa kidole, inua mabega. Ataelewa.

Wakati wa chai ya saa nne fundisha ishara kumi: chai, mzigo, ngoja, hatari, imekwisha, bosi, kesho, namba, pole, asante. Usizidishe. Watakuomba matusi kwanza, kila mahali ni hivyo; yafundishe mwishoni, wakishajua "hatari".

Jina la utani nalo lishughulikie mapema. "Bubu" si jina. Siku ya kwanza mwambie aliyelisema, pembeni, bila hasira: "Mimi ni kiziwi, na jina langu ni hili." Akirudia baada ya hapo, mambo yanahamia kwenye daftari.

Hatua ya tano: daftari

Nunua daftari dogo, la kurasa 48 linatosha, na liishi nyumbani. Kila tukio: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, nini kilifanyika. Usiandike ulivyojisikia; andika kilichotokea. Ukurasa mmoja wa rafiki yangu aliyekuwa kwenye chumba cha kupakia maua upande wa Naivasha, ambao aliniruhusu niunakili, uko hivi:

"Jumanne. Mafunzo ya kupima ubora. Wameitwa watu 9 wa laini yetu, mimi sikuitwa. Nimemwandikia supavaiza kwa nini. Amejibu kwa karatasi: HAKUNA MKALIMANI UTACHOKA BURE. Karatasi nimeihifadhi."

Miezi minne baadaye nafasi ya mkaguzi wa ubora ilitangazwa, na sharti lilikuwa mtu awe amepitia mafunzo yale. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyofanya kazi mara nyingi. Hakuna aliyesema "hatutaki kiziwi". Kuna mafunzo ambayo hukuitwa, halafu cheo kinachohitaji mafunzo. Ukiwa huna ukurasa wa Jumanne ile, ukurasa wa cheo unaonekana wa haki kabisa.

Yanayostahili kuandikwa ni mafunzo unayorukwa, malipo tofauti kwa kazi ile ile, zamu za usiku unazopewa wewe peke yako, mikutano inayoamua mambo yako bila wewe kuelewa, dhihaka, na kila "wacha tu, si muhimu" inayohusu kazi. Mtu aliyesahau kukusalimu, msamehe. Daftari likijaa malalamiko ya chai, litakaposomwa mbele ya watu yale mazito yatazama humo.

Picha za skrini zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwani simu huibiwa. Hati za siri za kampuni, orodha za wateja na kadhalika, usizitoe. Hapo utawapa sababu halali ya kukufukuza.

Ukiona mambo ni matatu au manne ya aina moja, andika lalamiko kwa HR. Ukurasa mmoja. Taja tukio, taja tarehe, taja unachotaka kifanyike, weka siku ya kutarajia jibu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, itume pia kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Kama kuna chama cha wafanyakazi, mwakilishi apate nakala, hata kama ana mazoea ya kukukwepa kwa kuwa hajui mtaongeaje.

Hatua ya sita: barua ya kujieleza na kikao

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi zinapopotelea.

Inaanza na karatasi: unatakiwa ueleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua. Mara nyingi unapewa saa 24 au 48. Mletaji anasimama na kalamu, anataka usaini. Saini, lakini juu ya saini andika: "Nimepokea tu. Sijakubali yaliyomo." Andika tarehe na saa. Maneno manne hayo yana thamani kuliko kurasa tatu za kujitetea baadaye.

Kisha jibu siku hiyo hiyo, hata kwa mistari mitatu: umeipokea, unataka kujieleza, na unaomba mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya kwenye kikao. Taja kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira. Kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji mbovu au kushindwa kimwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, anayemchagua yeye mwenyewe. Sheria haikuandika "Kiingereza", wala haikuandika "mdomo". Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara.

Nimewahi kukaa kwenye kikao kama hicho, nikiwa yule mwenzake anayeruhusiwa. Mshtakiwa alikuwa dada wa upande wa usafi, kiziwi tangu kuzaliwa, anadaiwa kutoroka kazini mara mbili. Kampuni ilileta "mkalimani": kijana wa hesabu aliyejua alfabeti ya vidole na ishara kama thelathini, mtoto mzuri tu, ametumwa. Mwenyekiti akasema kwa Kiingereza kwamba anasimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea. Kijana akafikiri, akatoa ishara mbili: KAZI, KWISHA. Yule dada akatazama meza, akaanza kukusanya mkoba wake. Alijua amefukuzwa. Na alipokuwa anasimama, mwenyekiti akamuuliza kama ameelewa, naye akafanya lile tunalofanya sote. Akaitikia kwa kichwa.

Niliinua kiganja. Nikamwomba mwandishi wa kumbukumbu aandike kwamba kikao hakina mkalimani, na kwamba dada hajui kilichosemwa. Walinuna. Lakini kikao kiliahirishwa wiki moja, akaja mkalimani wa kweli, na ikajulikana kuwa siku zile mbili alikuwa amebadilishiwa zamu kwa ujumbe wa sauti.

Basi, kikaoni:

Mkalimani akae karibu na mwenyekiti, mkabala na wewe, dirisha lisiwe nyuma yake. Mwanga ukitoka nyuma, mikono yake inakuwa vivuli. Asiwe ndugu yako wala rafiki wa bosi. Ndugu hulia, au hukujibia. Mkalimani hatoi ushauri na hafupishi. Akianza kusema "ngoja nitakwambia baadaye", msimamishe.

Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja. Wakianza kuongea wote, kiganja.

Wakikwambia wewe kupitia kwake, "mwambie kwamba...", mwache mkalimani atafsiri neno kwa neno, na wewe umtazame aliyesema. Baada ya dakika kumi wataanza kukuangalia wewe.

Mkalimani asipokuja, usijaribu "kujikaza" na midomo. Andika: "Niko tayari kuendelea mkalimani akiwepo." Baki kimya. Si kiburi, na hakikisha imeandikwa kwenye kumbukumbu kuwa hukukataa kikao.

Mwisho omba nakala ya kumbukumbu. Isome na mtu unayemwamini kabla ya kuisaini, na utafute kwa kidole yale maneno: "alielezwa", "akakubali", "alielewa". Ukiyaona na si kweli, yakate kwa mstari mmoja, andika pembeni kilichotokea, weka saini hapo.

Hatua ya saba: leba

Wakikuachisha, hesabu siku. Una miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa kupeleka lalamiko kwa afisa wa kazi, yaani leba (hii ya mishahara, si ile ya wodi ya kina mama, ingawa nimeshaona boda akimpeleka mtu huko). Nakuru na Kisumu zote zina ofisi. Kwenda mahakamani moja kwa moja muda ni mrefu zaidi, miaka mitatu, lakini usiukalie. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Nakuru na Kisumu, huna haja ya kwenda Nairobi.

Beba barua zote kwa mpangilio wa tarehe, daftari, mkataba au ujumbe wa malipo, hati za mshahara, kadi ya Baraza. Nakala, si asili.

Jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaambia: kwenye madai ya ubaguzi chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mfanyakazi wa kampuni ya udalali wa bima aliyeachishwa akiwa na maradhi ya mgongo, ilikubali kuwa mtu akishaonyesha msingi wa dai lake, mzigo unahamia kwa mwajiri. Msingi huo ndio kazi ya daftari. Mahakama ikiona uliachishwa kwa njia isiyo ya haki inaweza kuamuru urudishwe kazini, au ulipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, mbali na notisi na siku ulizofanya kazi.

Pia unaweza kuiandikia Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ambayo hupokea malalamiko ya ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu bila malipo. Na Chama cha Kitaifa cha Viziwi nchini kinaweza kukuelekeza kwa mkalimani, ikiwa huna unayemjua.

Kabla ya kwenda leba andika mbele kwamba wewe ni kiziwi na unahitaji mkalimani siku ya kusikilizwa. Siku yenyewe ikifika, usikae tu kwenye benchi kama wengine. Pale wanaita majina kwa mdomo, kutoka ndani, mlango ukiwa nusu. Niliwahi kukaa kuanzia saa mbili hadi saa saba nikiwaona watu waliokuja baada yangu wakiingia na kutoka, na faili yangu ilikuwa imeshaitwa mara tatu na kurudishwa chini ya rundo: "hakufika". Andika jina lako kwa herufi kubwa kwenye karatasi, chini yake "KIZIWI, NIGUSE BEGA", mpe karani mkononi, mwonyeshe unapokwenda kukaa. Halafu kaa pale unapouona mlango.